Mwalimu, Nimchague Nani? Barua Zenu Kuhusu Viongozi wa Civilization

Toleo lililopita niliwaomba mniandikie kuhusu kiongozi mnayempenda katika Civilization VI, ule mchezo wa zamu unaoanza mwaka 4000 kabla ya Kristo ukiwa na mlowezi mmoja na askari mwenye rungu, na unaoisha, Mungu akipenda, ukiwa umerusha chombo angani. Mmeandika kwa wingi. Nimejibu zilizonigusa, zilizonikera kidogo, na moja iliyofanya watu wa nyumbani waulize nacheka nini.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimenunua Civ VI kipindi cha punguzo, pamoja na nyongeza zake zote. Sasa kila nikifungua nakutana na viongozi zaidi ya hamsini wananikodolea macho, nabaki nasoma maelezo mpaka usingizi unanichukua. Mtandaoni kila mtu ana orodha yake ya nani daraja la kwanza na nani takataka. Wewe binafsi kipenzi chako nani?
*Kijana wa Area D, Dodoma*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hizo orodha ziweke pembeni kwanza. Nyingi zinatungwa na watu wanaocheza ngazi ya juu kabisa, Deity, ambako kompyuta inapewa walowezi 3 mwanzoni na wewe una 1. Huko kila kitu kinapimwa kwa swali moja tu: nani anafika haraka. Ukimchukua kiongozi kwa sababu amekaa juu ya orodha, utashinda naye mara mbili tatu, kisha utamchoka, maana aliyemchagua si wewe.

Mimi husoma upungufu wa kiongozi kabla ya sifa zake. Sifa humvutia kila mtu. Upungufu ndio utakaoishi nao, na mchezo wa kasi ya kawaida una zamu 500. Mtafute yule ambaye kasoro yake inakupa raha ya kuitafutia njia. Kwangu mimi huyo ni Mansa Musa wa Mali, aliyeingia na nyongeza ya Gathering Storm, Februari 2019.

Kasoro yake haikufichwa. Uzalishaji wa majengo na wa vikosi unapungua kwa asilimia 30. Migodi nayo inapoteza uzalishaji 1, ila kila mgodi unakuletea dhahabu 4 za ziada. Yaani Mali haijengi, Mali inanunua. Ghala ambalo jirani analimaliza kwa zamu sita, wewe likikuchukua tisa unalia. Lakini ukifungua mfuko, zamu inayofuata limesimama.

Nikuonyeshe mwanzo ninaoupenda. Ramani inafunguka, mlowezi wako amesimama katikati ya mchanga mtupu. Wachezaji wengi hapo huanzisha ramani upya bila kufikiri. Wewe usiguse kitu. Tafuta kigae, yaani kipande kimoja cha ramani, ambacho vigae vyake sita vya jirani vyote ni jangwa, tambarare au vilima, halafu simika Niani, mji wako mkuu, hapo. Kila kigae cha jangwa kinachopakana na kitovu cha mji kinakupa chakula 1 na imani 1. Sita vikikamilika, una chakula 6 na imani 6 kabla hata mjenzi hajazaliwa. Imani hiyo inakufikisha mapema kwenye pantheon, ile itikadi ya kwanza kabla ya dini, na wewe unachukua ile inayoitwa Desert Folklore kabla jirani hajaiona: sasa eneo takatifu nalo linakula faida ya mchanga unaolizunguka. Pembeni yake, na ukiweza kando ya mto, weka Suguba, ile wilaya ya biashara ya Kimali. Ikishakamilika, kila unachonunua katika mji huo, kwa dhahabu au kwa imani, kinashuka bei kwa asilimia 20. Na majengo ya biashara, yaani soko na benki, unaweza kuyanunua kwa imani. Una mifuko miwili wakati wenzako wana mmoja.

Misafara ya kwenda nchi za nje inapata dhahabu 1 zaidi kwa kila kigae cha jangwa tambarare kilichomo katika mji inakotoka. Tambarare, nasisitiza, vilima hapa havihesabiwi, na watu wengi wanavipachika kwenye hesabu halafu wanalalamika kwamba mchezo umewadhulumu. Ukiingia zama za dhahabu unaongezewa msafara mmoja, na huo haurudishwi. Wanyang'anyi wakianza kuvizia njiani, wapanda farasi wa Mandekalu wakiwa karibu, msafara wa nchi kavu hauguswi.

Musa wa kweli alitawala kuanzia mwaka 1312 hivi hadi 1337. Mwaka 1324 alipita Cairo akielekea Makka, akagawa dhahabu mpaka bei yake ikaanguka sokoni. Mwanahistoria al-Umari, aliyeandika miaka kama kumi na miwili baadaye, alikuta habari hiyo bado iko midomoni mwa watu. Kisichosimuliwa sana ni safari ya kurudi. Mfuko ulikuwa umekauka, mfalme akakopa kwa wafanyabiashara wa Cairo kwa riba nzito. Huyo ndiye Musa ninayemjua mimi mchezoni: leo umekalia utajiri, ghafla umenunua benki, maktaba na farasi kwa mpigo, unabaki unatazama misafara inakokota miguu huku jirani mwenye majeshi anakuuliza kwa adabu kwa nini mpaka wako hauna ulinzi.

SWALI: Jambo Mwalimu. Naandika kutoka Lubumbashi. Nilifurahi kuona Ufalme wa Kongo umo, lakini Mvemba a Nzinga hawezi kujenga eneo takatifu wala kuanzisha dini. Wengine wote wanaweza. Hii si dharau kwetu?
*Papa wa watoto watatu, wote wachezaji*

JIBU: Papa, nimeisoma hoja yako mara mbili kwa sababu mwanzoni na mimi nilikunja uso. Lakini tazama huyo mtu alikuwa nani. Mvemba a Nzinga ndiye Afonso wa Kwanza, aliyetawala Kongo kuanzia 1509 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1540. Ukristo haukuanzia kwake, ulikuja na Wareno. Yeye aliuchukua, akaufanya wa dola, akasomesha vijana Ureno, na mwanawe Henrique akawa askofu. Watengenezaji wa mchezo wameigeuza habari hiyo kuwa kanuni: huanzishi dini, ila dini yoyote itakayoenea katika miji yako mingi, wewe unakula matunda yote ya mwanzilishi wake bila kugharamia chochote. Jirani ndiye aliyehangaika kumpata nabii mkuu, ndiye aliyejenga, na wewe unavuna kama yeye. Kila ukimaliza wilaya ya Mbanza, ule mtaa wa makazi wa Kikongo, au ya michezo ya kuigiza, unapewa na mtume wa bure.

Ugumu wake wa kweli uko kwenye miti. Wachezaji wengine hufyeka msitu ili wapate uzalishaji wa haraka. Mbanza haijengwi ila ndani ya msitu, kwa hiyo ukifyeka ovyo mapema, utafika katikati ya mchezo huna pa kuwaweka watu. Ukiucheza Kongo kwa subira, ukakusanya sanamu na vitu vya kale, kila kimoja kinakulipa chakula, uzalishaji, imani na dhahabu kwa pamoja. Nimeona watu wakiibuka na ushindi wa utamaduni bila kuelewa umetoka wapi.

Kama bado hujaridhika naye, mtazame Nzinga Mbande, aliyeongezwa baadaye. Mchezo umemweka juu ya Kongo, ingawa yeye alikuwa malkia wa Ndongo na Matamba, na hapo ningekuelewa ukigomba. Miji iliyo bara moja na mji mkuu wake inapata asilimia 10 zaidi ya kila kitu. Iliyo bara jingine inapungukiwa kwa asilimia 15. Malkia anayekuambia usivuke bahari! Ndiye yule aliyekwenda Luanda mwaka 1622 kuzungumza na gavana wa Kireno, akanyimwa kiti, akamwashiria mhudumu wake ainame, akaketi mgongoni mwake na mazungumzo yakaendelea. Alifariki mwaka 1663 bado akiwa malkia.

Na kama ni kulalamika, Papa, lalamika kuhusu hili: nyumbani kwenu Katanga ndiko kwa falme za Waluba na Walunda, na hao hawamo kabisa katika Civ VI.

SWALI: Mwalimu, tumebishana na jamaa hapa ofisini karibu tukosane. Yeye anasema Gandhi anarusha mabomu ya nyuklia kwa sababu ya kosa la hesabu kwenye Civ ya kwanza kabisa. Mimi nasema ni uwongo. Kuna soda mbili mezani.
*Wa Westlands, Nairobi*

JIBU: Soda ni zako, lakini mpe moja, kwa maana hadithi yake imewalaghai watu wengi.

Inasimuliwa hivi. Katika mchezo wa 1991 kila kiongozi alikuwa na namba ya ukali, na Gandhi alipewa 1. India ikiingia demokrasia, ukali unapunguzwa kwa 2. Namba hiyo ikawa chini ya sifuri, kompyuta haikuweza kuihifadhi, ikazunguka hadi 255, na Mahatma akageuka kichaa. Hadithi tamu, na imepangika vizuri mno. Sid Meier mwenyewe, mbunifu wa Civ ya kwanza, ameikanusha katika kumbukumbu za maisha yake alizotoa mwaka 2020, na Brian Reynolds aliyeongoza utengenezaji wa Civ II naye amesema ukali ulikuwa na ngazi tatu tu, si namba ya kuzunguka namna hiyo. Kilichowachanganya watu ni kwamba Gandhi, kwa kuwa alipenda amani, alikuwa anawahi sayansi, anapata nyuklia mapema, na kiongozi yeyote mwenye nyuklia kwenye mchezo ule alikuwa anakutishia nazo. Kusikia vitisho hivyo kutoka kwa Gandhi, nani angesahau?

Halafu utani ukawa kweli. Katika Civ V ya 2010 mbunifu Jon Shafer alimpa Gandhi hamu ya nyuklia ya 12 kwenye kipimo kinachoishia 10, kwa makusudi. Na katika Civ VI wamempa uwezekano wa asilimia 70 wa kuwa na ile tabia ya siri ya kupenda nyuklia. Kwa hiyo ukimchagua kuwa jirani, mheshimu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Babu yangu ni Mngoni wa huku Songea. Nikicheza namchagua Shaka kwa heshima ya ukoo. Rafiki zangu wananicheka kwamba naua muda mwanzoni, nangoja, nangoja. Nimuache?
*Mjukuu, Songea*

JIBU: Marahaba, mjukuu. Kabla ya mchezo, hebu mrudie babu na swali moja. Zwangendaba, ambaye ndiye mkubwa wa misafara ya Wangoni, hakutumwa kaskazini na Shaka. Alitoka kusini kwa sababu Shaka alikuwa amewavunja Wandwandwe aliokuwa upande wao. Wakavuka Zambezi mwaka 1835, na Zwangendaba akafia Ufipa katika miaka ya 1840. Kwa hiyo unamuenzi mtu aliyewafukuza wazee wako! Sisemi umwache. Nasema heshima yako ina chumvi ndani yake, na ukimuuliza babu vizuri huenda akakupa jioni nzima ya hadithi.

Sasa kuhusu kungoja. Rafiki zako wanakucheka kwa jambo ambalo ndilo utamu wenyewe. Shaka hana kitu cha maana mpaka ufikie utaratibu wa Mercenaries, yaani askari wa kukodiwa. Ukifika hapo, unaruhusiwa kuunganisha vikosi viwili kuwa kimoja kikubwa wakati wengine watangoja enzi nyingine kabisa, na vikosi hivyo vinapewa nguvu 5 za ziada juu ya zile za kawaida. Impi, askari wake wa mkuki, ni rahisi kuwaweka, wanajifunza vita haraka, na wakimzunguka adui kutoka pande mbili wanapata faida kubwa kuliko askari wengine, kama zile pembe za ng'ombe za jeshi lake la kweli. Kikosi kinachouteka mji kinakua hapo hapo. Mji wenye askari ndani yake hauasi upesi.

Kwa hiyo zamu za mwanzo usizitumie kungoja, zitumie kuzaa vikosi vya bei ndogo na kujenga Ikanda, ile wilaya ya kijeshi ya Kizulu, na uwe na dhahabu ya kuwabadilisha wote kwa siku moja. Namna hiyo jirani aliyekuwa anakuhesabu mnyonge ataamka na pembe zimeshafunga. Kosa la wachezaji wengi wa Shaka ni kuanza vita na wapiga rungu, wakachoka, wakafika Mercenaries hawana jeshi la kuunganisha.

SWALI: Mwalimu, mbona hakuna kiongozi Mswahili? Kuna Wanorwe, kuna Wamaori, kuna Wascotland. Sisi je? Miaka elfu ya miji ya mawe na bado tunachezea Roma.
*Mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa*

JIBU: Swali hili limekuja na barua tano, kutoka Mombasa hadi Maskati, kwa hiyo nimejipa nafasi.

Kwanza, tumo, ila pembeni. Zanzibar ni mji-dola wa biashara, yaani mji mmoja unaojitegemea ambao huwezi kuuchagua uucheze. Ukituma wajumbe wengi kuliko wenzako na ukawa mlezi wake, unapewa mdalasini na karafuu, vitu viwili ambavyo havipatikani popote pengine kwenye ramani, na kila kimoja kinatuliza miji 6. Mimi huwa naitafuta Zanzibar kabla ya kutafuta chuma. (Karafuu ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, mchezoni unaweza kuila na watu wa rungu, lakini nani anakataa karafuu?) Na Kilwa Kisiwani ni mojawapo ya maajabu ya kujenga: inataka ardhi tambarare inayopakana na pwani, inafunguliwa na teknolojia ya Machinery, na siku unapoimaliza unapewa wajumbe 3, halafu inanenepesha faida ya miji-dola unayoilea. Aliyeibuni aliielewa Kilwa, mji uliotajirika kwa kujuana na watu.

Lugha nayo ilitangulia zamani. Wimbo wa kufungulia Civ IV ya mwaka 2005, "Baba Yetu" wa Christopher Tin, ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza kutoka kwenye mchezo wa kompyuta. Wachezaji wa dunia nzima wanaimba Kiswahili bila kujua wanaimba nini, na kiongozi hatuna.

Mimi mgombea wangu ni al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa wa mwanzoni mwa karne ya 14. Waliomwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, walikuwa na sababu: msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta sultani huyu na akausifu ukarimu wake. Ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya mia juu ya mwamba unaotazama bahari, lenye birika la kuogelea la pembe nane. Mmoja wa mapeni yake ya shaba umepatikana Great Zimbabwe, mbali huko bara, na mapeni ya Kilwa yana maandishi yenye vina, upande mmoja ukimjibu mwingine. Mtawala anayeweka ushairi kwenye chenji! Dhahabu yenyewe hakuichimba. Ilitoka bara, ikashuka Sofala, ikapita mkononi mwake.

Ningempa uwezo gani? Dhahabu kwa kila mji-dola wa pwani anaofanya nao biashara, na misafara ya baharini ambayo nusu ya zamu inakwenda maradufu na nusu nyingine inakokota, kwa kufuata kaskazi na kusi. Na kasoro, maana bila kasoro simtaki: asiruhusiwe kusimika mji usiogusa maji ya chumvi, na kuta zake zigharimu zaidi. Hapo utajua uchungu wa 1505, pale merikebu za Mreno Almeida zilipoingia bandarini na mji wenye mali yote hiyo ukaanguka.

Wenzangu wa Tabora wataniuliza mbona nimemwacha Mirambo. Sijamwacha. Mirambo ni kiongozi wa vita na misafara ya nchi kavu, afungiwe njia ya Unyanyembe na jirani ndipo aamke. Lakini anayemtaka atamkosa kwa sababu ileile tunayomkosa al-Hasan: watengenezaji wanahitaji picha, sauti ya kuigiza na mtu wa kuwasomea habari zake, na sisi hatujawapigia kelele za kutosha.

Kwa sasa, aliye na Civ VII ya Februari 2025 anaweza kumchukua Ibn Battuta mwenyewe, ambaye humo ni kiongozi kamili. Vikosi vyake vyote vinaona mbali kuliko vya wengine, na humo kiongozi hafungwi tena na taifa moja. Unamwoanisha na taifa unalotaka, na mchezo ulipotoka, ukibadilisha enzi ulibadilisha na taifa. Buganda imo, kwenye enzi ya tatu. Sijaipenda sana hiyo habari ya kubadilisha taifa katikati ya safari, nikiri ni uzee, lakini mtu aliyewahi kutia mguu Mombasa na Kilwa kwa kweli kuwemo mchezoni, hilo nimelipokea kwa mikono miwili.

SWALI: Mwalimu, mimi si mchezaji, mimi ni mama. Mwanangu yuko kidato cha pili na hachezi na mtu mwingine isipokuwa Genghis Khan. Anachoma miji ya watu, anacheka. Nikimwambia alale ananiambia "zamu moja tu, mama", na saa nane bado anaicheza hiyo moja. Nimfutie?
*Mama wa Kihonda, Morogoro*

JIBU: Dada yangu, hii "zamu moja tu" ni ugonjwa wa wachezaji wote wa Civ, wazee kwa watoto, na mimi siwezi kukusemea uongo kwamba unapona. Usimpangie saa, mpangie zamu. Saa atabishana nayo kwa sababu vita viko katikati. Zamu zina namba juu ya skrini, mnakubaliana kabla hajawasha kwamba ikifika 120 anahifadhi na anazima.

Kuhusu Genghis, keti naye nusu saa. Muulize kwa nini kila akianzisha msafara wa biashara, kituo kinafunguka papo hapo kwenye mji unakokwenda. Kama anacheza vizuri atakuambia kwamba kila anavyomjua mwenzake zaidi, ndivyo vikosi vyake vinavyopigana kwa nguvu zaidi, na faida hiyo ni mara mbili ya wengine. Yaani Mmongolia wa kwenye mchezo anashinda kwa habari kwanza, upinde baadaye, na ndivyo ilivyokuwa hata kwa wapanda farasi wa posta waliokuwa wanapokezana habari kutoka kituo hadi kituo katika himaya yao. Akikujibu hivyo, mtoto anasoma, muache. Akikujibu "basi tu, wanachoma", mpe sharti: mchezo unaofuata achague kiongozi asiyetegemea kushinda kwa vita. Mpendekezee Menelik wa Pili wa Ethiopia. Miji yake ya juu ya vilima inageuza imani kuwa sayansi na utamaduni, na vikosi vyake vikipigana kwenye vilima vinaongezewa nguvu 4. Atajilinda, hatavamia, na siku mwalimu wake wa historia atakapofika vita vya Adwa, tarehe 1 Machi 1896, mwanao atanyoosha mkono.

Usimfutie.

SWALI: Mambo Mwalimu! Sina kompyuta, nina simu tu. Civ VI inakubali? Na nianze na nani?
*Dogo wa Mwanjelwa, Mbeya*

JIBU: Poa sana. Inakubali, kwenye Android ilifika Agosti 2020, na ilipotoka iliruhusu zamu 60 za mwanzo bila malipo ili ujaribu. Ila inakula chaji na simu inapata moto, na maandishi ni madogo kweli. Uwe na kioo kikubwa kidogo, chomeka chaja, weka kuhifadhi kila zamu ili simu ikizimika usirudi nyuma.

Anza na Trajan wa Roma. Kila mji anaousimika unapata jengo la bure, na mwanzoni jengo hilo ni mnara wa kumbukumbu, kwa hiyo utamaduni wako unatembea bila wewe kuufikiria. Barabara zinajichora zenyewe kutoka mji mkuu kama umbali unaruhusu. Askari wake wa legioni wanapigana na wanajenga. Huyu hana kasoro, na ndiyo maana nimemweka kwa wanaoanza tu: utajifunza miji, wilaya na biashara bila kuadhibiwa. Ukishinda naye ngazi ya Prince, mfunge. Nenda kwa Hammurabi wa Babeli, ambaye sayansi yake ya kila zamu imekatwa nusu, lakini akitimiza sharti dogo la ugunduzi anaupata wote mzima papo hapo. Jenga migodi mitatu, tayari una elimu ya mafundi. Utaniandikia.